Nyota nyekundu huzaa uongo

Fomu nyingi za programu siku hizi zina kanyota kekundu pembeni ya kila nafasi: jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe. Usipojaza, huendi mbele. Sisi waandishi wa programu tunauita huo umakini. Mimi naona hakuna njia ya haraka zaidi ya kukusanya uongo.

Kaa kwenye duka lolote la pembejeo pale Uyole msimu wa kupanda. Anaingia mama kutoka Inyala, anataka mifuko miwili ya urea, na foleni imefika nje. Mwenye duka anamfahamu kama Mama Tumaini, na daftari lake linatosheka na hilo: "Mama Tumaini, urea 2, atamalizia Jumamosi." Programu yenyewe inataka barua pepe. Kijana wa kaunta anaandika a@a.com, huyo anasonga. Tarehe ya kuzaliwa? 1 Januari 1980. Anayefuata naye kazaliwa siku hiyohiyo. Ukifungua orodha jioni, utadhani Mbeya nzima ni mapacha.

Viazi ndiyo balaa zaidi. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini kule Umalila lumbesa inajazwa mpaka inaongezewa kichwa na kushonwa kamba juu. Programu inauliza idadi ya magunia tu, kisha inazidisha yenyewe kwa 100. Basi, lumbesa imefutika! Bosi akisoma ripoti anaona biashara safi kabisa, kumbe mkulima kaliwa kilo zake na kompyuta imesaidia kufunika.

Wazee wa fani hawakuwa hivi. Edgar Codd wa IBM, aliyechapisha nadharia ya kupanga data kwenye majedwali mwaka 1970, baadaye aliweka alama maalumu ya kitu kisichojulikana, na hifadhidata za SQL, lugha ya kuulizia majedwali hayo, zinayo hadi leo. Si sifuri wala si neno tupu: hatujui, basi. Alama hiyo tunaizima wenyewe kwa mstari mmoja wa programu, kwa sababu jedwali lililojaa linapendeza machoni.

Darasani hulioni tatizo hili. Data za mazoezi anatunga mwalimu, na watu wake wote wana barua pepe. Ndiyo maana mwanafunzi akija kwangu kwa mafunzo ya vitendo, simkalishi kwenye kompyuta kwanza. Namtuma kaunta, aangalie mwenye duka anavyoacha nafasi wazi kwenye daftari na kuirudia siku mteja akija kulipa. Kuna wanaonuna, wakidhani nawapotezea muda.

Nafasi za lazima zipo, sikatai. Huwezi kumrudishia mteja pesa kwa simu bila namba yake. Iulize siku hiyo. Lakini barua pepe ya mnunuzi wa mbolea ataisoma nani? Nimeuliza hivyo kwenye vikao zaidi ya kimoja. Jibu huwa kwamba fomu ya zamani nayo ilikuwa nayo.