Maua Nimepokea, Malipo Je?

Sina ugomvi na maua, tusije tukaelewana vibaya. Mie mtu wa Mombasa, nimekulia nyumba ambayo jioni haiingii bila asumini, na kikuba cha mrehani najua thamani yake. Ugomvi wangu ni na kampuni inayonidai shukrani ilhali mie naidai pesa.

Nauza karatasi, wino wa printa, mafaili na vikorokoro vyote vya ofisi. Hawa jamaa niliwapelekea mzigo kabla ya Ramadhani, makubaliano siku 90. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, siku 90 zikapita, na Idi Kubwa nayo ikachinjwa bila mie. Nikipiga simu naambiwa invoisi iko kwa mkubwa, inangoja sahihi. Sahihi gani hiyo inayosubiriwa kama mwezi?

Basi wiki hii likaja bodaboda na furushi la waridi, limefungwa nailoni inayong'ara na utepe mwekundu, na kadi juu yake: "Kwa mshirika wetu wa thamani. Tuzidi kukua pamoja." Pamoja na nani? Wao wananenepa, mie suruali nimeanza kuitoboa mkanda upya. Kijana akataka nitie sahihi kuwa nimepokea. Nikatia. Na hiyo karatasi, niaminini, haitapotea. Inayopotea ni yangu, ile waliyotia wao sahihi walipopokea mzigo. Kila nikiiulizia, naombwa nakala nyingine.

Nyumbani bibi yangu akachukua ua moja, akalivuta puani, akalivuta tena.

"Mjukuu wangu, haya ni ya plastiki?"

Si ya plastiki, bibi, ni ya kweli, ila hayanukii. Waridi za biashara huchaguliwa mbegu inayostahimili safari, harufu si hoja. Akauliza wanasafiri kwenda wapi, kwani wamekuwa mahujaji? Nikamweleza: yanakatwa mashambani Naivasha, yanaingizwa chumba cha baridi, yanapanda lori la baridi hadi uwanja wa ndege Nairobi, halafu ndege hadi Uholanzi. Kule Aalsmeer kuna mnada mkubwa wa maua, na mnada wenyewe umepinduka: bei inaanzia juu inateremka, wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Bibi akasikiliza yote hayo, Naivasha hadi Ulaya.

"Na hao Waholanzi, wanalipa?"

"Wanalipa, bibi."

"Basi nawe si ungeuza maua."

Maneno yale yalininyima usingizi. Maana ni kweli! Maua yanaoza. Muuza maua akisema lete pesa kwanza, habishiwi, kila mtu anaelewa kuwa kesho mali yake ni takataka. Karatasi zangu haziozi, ndiyo maana deni lake nalo limewekwa kabatini hadi kiyama. Kwa hivyo yule muuza maua kalipwa papo hapo, na kampuni ileile, ili mie nifurahishwe nisiulize mbona sijalipwa. Wangeniletea zile pesa za maua mkononi, hata bila utepe, ningewapigia vigelegele.

Na watoza ushuru nao hawataki kusikia habari ya waridi. Ukishatoa invoisi, VAT ya asilimia 16 inatakiwa ifike kwao kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita, umelipwa hujalipwa. Yaani mie nimeshailipia serikali kodi ya pesa ambazo mwenyewe sijaziona hata kwenye ndoto!

Nikasema haya, kama biashara siku hizi inaimarishwa kwa maua, na mie niimarishe. Waridi za watu wa baridi, joto letu lilikuwa limeshazipiga, zimeinamisha vichwa kwenye jagi la maji. Nikachomoa zile zilizokuwa na nguvu ya kusimama, nikampelekea mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea maua, kuthamini uhusiano wetu."

Akayatazama maua, akanitazama mie, akauliza kwa sauti ya huruma, "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mzee."

"Basi kodi iko wapi?"

Na maua akayachukua.

Leo asubuhi nimewapigia simu jamaa zangu. Dada wa mapokezi akaniwahi: "Kaka, mliyapata maua?" Tukaanza shukrani. Tumeyapata dada, mazuri mno, ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nashukuru huku nimeuma meno, kwani ukiwanunia watu hawa, LPO ijayo, yaani ile hati ya kuagiza mali, utaisikia kwa jirani.

"Na ile invoisi yetu, dada?"

"Mhasibu yuko likizo, kaka. Lakini meneja alikuwa akikutafuta, ana jambo anataka kusema nawe."

Nikakaa vizuri kitini, nikavuta na kalamu karibu. Kumbe maua yamewapendeza washirika wengine pia, sasa wanataka kuyatuma kila mwezi, na zile kadi za kuwekwa juu yake zimewaishia. Ninaweza kuwatengenezea kadi 500? Karatasi nene, inayong'ara, maandishi ya dhahabu. Malipo, kama kawaida yetu, baada ya siku 90.

Nikamuuliza dhahabu ya kukolea au ya kupauka.