Faji lambda: shida sio kuanza, ni kusimama

Muulize mtu aliyesoma baiolojia kuhusu lambda, kile kirusi cha bakteria E. coli, atakutajia CI, protini inayokalia promota (kipande cha DNA ambapo usomaji wa jeni unaanzia) na kuzuia jeni zisisomwe. Sibishi, bila CI kirusi hakiwezi kulala ndani ya bakteria vizazi na vizazi, na mwanasayansi Mark Ptashne alipoitenga 1967 watu walikuwa na haki ya kushangilia. Ila hiyo ni nusu ya stori jamani.

Cheki promota ya PR', ile ya jeni za mwisho, za kujenga kichwa na mkia na kupasua bakteria. CI haiigusi! Polimerasi, kimeng'enya kinachosoma DNA na kuandika RNA, inaanza hapo muda wote, hata kirusi kikiwa kimelala, inaandika RNA ya besi 194 halafu inadondoka. Mia tisini na nne tu, na mbele kuna besi zaidi ya 20,000 zinangoja. Ni daladala inayotoka stendi kila saa ila inakatisha ruti kituo cha kwanza, sasa hapo utailaumu stendi? Mpaka ije Q, protini ya lambda yenyewe, inaidaka polimerasi ikiwa imesita besi 16 au 17 tu toka ilipoanzia, na kuanzia hapo inapita kile kituo kama haikioni.

Na jeni ya Q nayo iko nyuma ya vituo vingine (sehemu za DNA zinazoiangusha polimerasi), vya kuvukwa kwa msaada wa N, protini nyingine ya lambda. N inashika RNA yenyewe ikiwa inatoka, kwenye kipinda cha boxB, inaungana na protini NusA ya bakteria, basi hata Rho, protini ya bakteria ya kukatisha usomaji (aliyoigundua Roberts, 1969), inashindwa kuisimamisha polimerasi.

Wa upande wa promota watasema CI ikifunga PL, promota ya jeni ya N, hiyo N yenyewe haipatikani, tena vituo vinavuja, kituo kiitwacho tR1 kinapitisha polimerasi kadhaa bila N. Kweli kabisa, kulala au kuua kunaamuliwa zaidi kule juu. Lakini huko kuvuja ndiko kunaipa lambda kidogo cha protini O na P za kunakili DNA yake, mi siuoni kama ubovu.

Halafu kuna HK022, faji binamu yake. Akiwa amelala kwenye bakteria anatoa protini Nun. Lambda ikiingia humo promota zake zinafunguka vizuri tu, polimerasi inaondoka, boxB inatokeza, ila anayeidaka ni Nun badala ya N, na polimerasi inaganda palepale.