Msasa wa Mjomba

Mjomba wangu wa Nachingwea alituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo picha ya Land Rover bovu lililolala chini ya mkorosho wake. Salamu na michango ya misiba ikasimama. Chini ya picha aliandika: "Hili ni katika yale ya kwanza duniani. Mpwa wangu wa Mtwara atathibitisha." Kwetu Kusini mjomba akishasema, mpwa hakatai, anauliza tu lini.

Alikuwa amesikia habari za Land Rover lililoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ambalo baadaye lilikutwa limetelekezwa uani huko Uingereza, si mbali na Solihull lilikoundwa, na mwaka 2018 kampuni yenyewe ikatangaza kulifufua. "Uani kwa uani," akaandika, "tofauti ni kuku tu." Kweli, kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Akaongeza picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: Mzungu kavaa kaptula, kaegemea gari lisilo na turubai, na mgongoni mwa picha pameandikwa kwa kalamu "Karanga". Yaani enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Kilichompandisha mjomba joto ni duara lililoonekana katikati ya kioo cha mbele. Mwaka 1947 Rover, kampuni iliyobuni Land Rover, waliunda gari la majaribio juu ya chasisi ya Jeep, usukani katikati, ili gari moja lifae nchi za kuendesha kulia na za kushoto. Halijulikani lilipo mpaka leo.

Picha ya namna hiyo huanzi na gari, unaanza na shati. Shati la kiume vifungo viko upande wa kulia wa mvaaji na mfuko uko kifuani kushoto. Ukiona kinyume, picha ilisafishwa negativu ikiwa imegeuzwa, na kulia kwako ni kushoto. Hii ilikuwa sawa. Kisha duara lenyewe. Usukani hukaa umeinama, kwa hiyo ukiutazama kutoka mbele unaonekana kama umebonyezwa. Duara la mjomba lilikuwa mviringo kamili, na nilipolikuza likaonyesha misuko. Ungo. Mama wa watu kasimama nyuma ya gari na ungo wake, hana habari na Rover.

Nilimjibu kwa adabu kwamba usukani wa katikati tuuache, lakini gari lenyewe si la kudharau. Taa kubwa zilikuwa nyuma ya wavu wa mbele, jambo la Land Rover za mwanzo kabisa, mpaka karibu 1950. Umbali kati ya ekseli nao unapimika pichani kama gari limepigwa ubavuni: tairi la 6.00-16 lina kimo cha karibu sentimita 72, na Land Rover la mwanzo, la inchi 80 kati ya ekseli, lina sentimita 203, karibu matairi 2.8. Yaliyofuata, ya inchi 86, yanafika matairi 3. Ila simu ikisogezwa karibu, gurudumu lililo jirani na kamera huvimba na hesabu yote inakuwa uongo. Rudi hatua kumi, shusha simu usawa wa kitovu cha gurudumu.

Shida ni kwamba taa na vipimo havitenganishi magari 48 ya majaribio, lile la Amsterdam likiwemo, na yaliyofuata kiwandani. Yale 48 yalikuwa na chasisi iliyochovywa zinki, bodi ya alumini nene zaidi, na karai la nyuma, la kubebea mizigo, linalong'oka. Nikamwandikia mjomba yote matatu, nikaomba picha za uvunguni na za kibati cha namba ya chasisi, nikamaliza: "Msifute hata vumbi."

Sentensi ya mwisho ndiyo pekee ambayo hakuisoma.

Picha hazikuja, nikapanda basi kupitia Masasi. Nilikuta ming'oko mezani, wazee wamekaa, na gari linang'aa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Tumekurahisishia kazi."

Kibati cha namba kilikuwa kimesuguliwa kwa msasa "kisomeke". Kikawa kioo, ungeweza kunyolea ndevu. Namba za vibati vile ni za kina kifupi, na bila namba, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, wenye kumbukumbu za kiwanda hawana pa kuanzia. Chasisi, kwa kuwa mtaalamu alitaka zinki, ilipakwa rangi ya fedha. Karai la nyuma, kwa kuwa mtaalamu alitaka linalong'oka, lilikatwa kwa msumeno. Na usukani ulikuwa katikati, umechomelewa kwenye bomba la maji lililosimama peke yake. Ukiuzungusha, bomba linazunguka.

"Mjomba, nilisema ule ulikuwa ungo."

"Ungo wa picha ni wa picha. Huu ni usukani."

Niliingia uvunguni na sarafu. Chini ya rangi ya fedha kulikuwa na kijani kilichochoka, na chini ya kijani kutu nyekundu. Zinki ya kweli ni kijivu kilichofifia chenye mabaka, na chuma chake hakianzi kutu mara moja chini ya rangi. Sumaku haikushika bodi, kwa hiyo si Minerva, yaani Land Rover la kuundwa Ubelgiji, ambalo bodi yake ni chuma. Land Rover halisi la kiwandani la inchi 80, basi, wavu na taa zake mahali pake. Juzi lilikuwa na thamani.

Wazee walisikiliza, wakatikisa vichwa. Mjomba hakutikisa.

"Fundi anadai elfu themanini," alisema. "Nimemwambia maelekezo yalitoka Mtwara, yako kwenye simu, yameandikwa."

Nililipa arobaini. Nyingine fundi alikubali kupokea kuku, ila kwanza ilibidi tuwatafute, maana toka usukani uhamie katikati walikuwa wamehamia kwa jirani.