Mfuko wa Saruji Haupigi Simu Usiku

Kwa miaka minne simu yangu ililala chini ya mto, sauti ikiwa wazi. Nilikuwa afisa mikopo Dar es Salaam, kwenye taasisi moja ya mikopo midogo ambayo jina lake libaki hukohuko. Kila usiku ikigonga saa nne, meneja wa tawi alikuwa anarusha kwenye grupu la WhatsApp orodha ya maofisa wote, kuanzia aliyekusanya marejesho mengi hadi aliyeboronga. Wa juu walipakwa kijani. Sisi wa njia ya Mbagala tulikuwa tunaijua rangi yetu kabla hatujafungua.

Ubaya wa orodha ile ni kwamba hata ukiwa wa tatu hulali. Wa tatu wa leo ni wa kumi na tano wa kesho, na kinachotosha kukushusha ni mama mmoja kufiwa akasafiri kwenda Mtwara bila kuaga kikundi.

Kwa asiyeijua kazi hii: wanawake kumi na tano au ishirini wanadhaminiana, wanakutana kila wiki kwenye ua wa mmoja wao, kila mtu na kitabu chake na rejesho lake. Asiyefika, wenzake wanamchangia. Wakichoka kumchangia, afisa na wanakikundi wanaongozana hadi nyumbani kwake kuchukua alichoweka dhamana. Mtaani mikopo ya namna hii wanaiita kausha damu. Tulikuwa tunakereka kuitwa hivyo, eti sisi tuna leseni.

Nyumba moja sitaisahau. Mwenyewe alinipokea vizuri, "Karibu baba, kaa," akanivutia kigoda, akanimiminia chai ya rangi, nami nikaanza kuorodhesha vitu vyake huku nikiinywa. Nilipofika kwenye friji akaniambia kwa upole kabisa kwamba linagandisha upande mmoja tu, niandike na hilo, wasije wakamrudia wakisema aliwadanganya. Nikaandika. Mwezi ule nilifunga nikiwa wa kijani.

Miezi michache baadaye kichwa kilinigonga siku tatu mfululizo, nikaingia zahanati. Nesi alipima, akabadilisha mkono, akapima tena: 160 kwa 100. Nilikuwa na miaka 33. Daktari aliuliza habari za chumvi, pombe, sigara, akauliza kama kuna mzazi mwenye presha. Mwisho akauliza kazi. Nikamwambia. "Wa mikopo wewe wa tatu mwezi huu," akasema, akaendelea kuandika.

Mtaani hapo tuna neno moja tu. Presha ni ile ya kipimo cha mkononi, na presha ni ile ya bosi. Wataalamu wanataka tutenganishe, tuseme shinikizo la damu huku na msongo wa mawazo kule, lakini mimi naona mtaa ulikuwa umeshaelewa jambo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: mwaka 2016 pekee, watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nilipozihesabu zangu, bila kuweka muda wa kukaa kwenye foleni, zilifika 63.

Hata hivyo saa peke yake hazikuniridhisha kama jibu. Baba yangu alikuwa seremala. Alianza kuranda mbao kabla sisi hatujaamka kwenda shule, na taa ya karakana ilizimwa tukiwa tumelala. Jumlisha Jumamosi. Nadhani alinizidi kwa saa. Lakini akiweka kichwa kwenye mto ni fofofo, na presha hakuwahi kuwa nayo hadi uzeeni. Mteja akimsumbua anamwambia kabati litakuwa tayari Alhamisi, na inakuwa Alhamisi, au Jumanne inayofuata, na ulimwengu hauanguki. Mbao ni zake, bei anataja yeye.

Baadaye nikakuta kwamba jambo hili lina mwenyewe. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Karasek, aliandika mwaka 1979 kwamba kazi inayomtesa mtu ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima uamuzi. Kazi nzito ambayo wewe mwenyewe unaamua uifanyeje inaweza hata kukukuza. Kazi nzito ambayo usukani wake kashika mtu mwingine ndiyo inayokula mwili. Kule Uingereza, uchunguzi ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wa ofisi za Whitehall, London, uliwashangaza wengi: vifo vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vingi zaidi kwa matarishi na mabawabu wa ngazi ya chini kuliko kwa wakubwa wao wa juu kabisa. Uvutaji sigara ulieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kwamba kukosa sauti juu ya kazi yako ni sehemu kubwa ya sababu. Na sisi tumekua tukidhani presha ni maradhi ya vitambi na mabosi.

Nilipoelewa hilo nikaacha kutafuta kazi "rahisi". Kazi rahisi naijua. Nina rafiki aliyewahi kulinda geti la ghala tupu, usiku kucha, saa kumi na mbili za kutazama ukuta. Hakuna aliyemkaripia, hakuna alichodaiwa, na alitoka pale akiwa amechakaa kuliko mimi. Nilichotaka ni kazi ambayo kinachopimwa nakishika mimi mwenyewe. Rejesho la mama wa Mbagala lilikuwa mkononi mwa mvua, mwa mgambo aliyemwaga vitumbua vyake, mwa mtoto aliyeugua homa. Mimi nilikuwa napimwa kwa mvua.

Sasa natunza stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi Morogoro. Saruji, nondo, bati, misumari, mabomba, rangi. Kinachoingia naandika, kinachotoka naandika, mwisho wa mwezi tunahesabu. Si kazi ya kukaa kivulini; likiingia fuso la saruji mchana wa Januari, unatoka humo kama umepakwa unga. Lakini mfuko ukishatoka na karatasi yake, umetoka. Haunipigii simu saa nne usiku.

Ukoo ulipokea habari kwa majonzi. Shangazi alinipigia: "Mwanangu, digrii yote ile ukahesabu misumari?" Baba mdogo yeye hakuzunguka, aliuliza kama nimefukuzwa, na kiasi gani kimepotea. Kwao, mtu haachi kazi ya tai na kitambulisho cha shingoni kwa hiari yake. Ilibidi nimtumie mama picha ya kipimo cha presha, 128 kwa 82, miezi saba baada ya kuhama. Alijibu kwa neno moja, "Alhamdulillah", na tangu siku hiyo yeye ndiye wakili wangu.

Niseme na pesa, kwa sababu makala za namna hii huwa zinaipita kimyakimya. Nilishuka kutoka laki tisa na ushee, kamisheni ikiwemo, hadi laki tano na nusu. Chumba na sebule Tabata nilikuwa nalipa laki mbili kwa mwezi, Kihonda nalipa elfu themanini, na kazini natembea kwa miguu. Bado kuna pengo, na pengo hilo nimeliziba kwa kutokuwa na vitu fulani. Kabla ya kuondoka ilinibidi nivumilie miezi minane zaidi nikimalizia mkopo wa mfanyakazi. Mkopeshaji naye alikuwa amekopa, kwa mwajiri huyohuyo. Kwa hiyo simwambii mwenye watoto watatu shuleni aamke kesho aandike barua ya kuacha kazi. Kukosa ada ni presha pia, tena haina likizo. Ninachosema ni kwamba mtu aijue bei ya anachokiuza. Dawa, usingizi, hasira anazozimalizia kwa watoto: hizo nazo ziingie kwenye hesabu pembeni ya mshahara.

Wengi wetu tunauza hata ambacho sheria haijaruhusu kiuzwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi wa kawaida asizidishe saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisipite 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 za mfululizo zenye malipo. Mameneja wana kifungu chao kinachowatoa kwenye vikomo hivyo vya saa, na hapo ndipo waajiri wajanja wanapochomekea: mtu anapewa cheo cha "msimamizi" asiyemsimamia yeyote. Nilifanya kazi miaka minne nikaenda likizo mara mbili, mara zote mbili nikiwa na simu ya ofisi mfukoni. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani kuuliza ni uvivu.

Siku hizi vijana wananiuliza watajuaje kama kazi ina presha kabla hawajaingia. Ushauri wangu wa kwanza unawachekesha: zungumza na mlinzi wa getini. Nenda jioni, saa kumi na mbili, saa moja, mnunulie kahawa, tazama magari mangapi bado yamepaki na watu wanatoka na sura gani. Mlinzi anajua nani analia kwenye gari. Anajua nani aliletwa mwezi wa tatu na kuondoka mwezi wa tano. Afisa rasilimali watu hawezi kukwambia hayo, ameajiriwa asikwambie.

Kwenye usaili wenyewe, wakifika pale pa "una swali lolote?", uliza nafasi hii ilikuwa ya nani na sasa yuko wapi. Kama amepandishwa cheo, vizuri. Wakianza kutazamana, umeshajibiwa. Kisha uliza utapimwa kwa nini, na usitosheke na "utendaji". Kwa namba gani? Nani anaipanga? Tajiri wangu wa sasa alinijibu kwa sentensi moja: hesabu ya leja na hesabu ya stoo zifanane. Sikuwahi kupata jibu fupi hivyo kwa yeyote aliyewahi kuniajiri.

Kuna watakaosema jibu ni kujiajiri. Semina za hayo zimejaa, na wanaozifundisha wengi wao wamejiajiri kufundisha semina. Sina ugomvi na biashara, baba yangu alitulisha kwa randa. Ila tusidanganyane kwamba kutokuwa na bosi ni kutokuwa na presha. Mtazame kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mtu. Anaonekana huru, anaamka atakapo, anapaki atakapo. Lakini hesabu ya tajiri inamngoja jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na usukani ule anaoushika una mkono mwingine juu yake. Bosi wake anamwona mara moja tu kwa siku, basi.

Na serikalini? "Kazi ya serikali haina presha" ni wimbo wa kila mzazi. Muulize mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja.

Kufurahia kazi ni habari nyingine tena, na sikuitarajia. Nilifikiri nikipata utulivu inatosha. Kumbe utulivu ukikaa, unaanza kuvipenda vitu. Nimejifunza kuijua bati ya geji 28 na ya geji 30 kwa kuikunja pembe kidogo na kidole, na siku nilipomkamata dereva aliyeleta moja kwa karatasi ya nyingine nilitembea kifua mbele wiki nzima. Saa nne asubuhi tunakaa juu ya mbao na mafundi, chapati na maharage, mjadala ni Simba na Yanga na hauishi. Wingu la asubuhi likiwa limekaa juu ya Uluguru, najua saruji isikae karibu na mlango siku hiyo. Na tangu treni ya umeme ianze safari za Dar mwezi Juni 2024, naweza kwenda kumwona mama Jumapili na kurudi siku hiyohiyo, kwa mwendo usiofika saa mbili. Zamani nilikuwa naishi mji mmoja naye na ilikuwa inapita miezi miwili sijamwona.

Presha haijaisha, nisije nikaonekana mwongo. Mwezi uliopita hesabu ilipungua mifuko miwili ya saruji. Leja inasema 412, stoo inasema 410. Moyo ulipiga ule mpigo wa zamani kabisa. Mimi na kijana wa kupakia tulihesabu tena, tukahesabu mara ya tatu tukigusa kila mfuko kwa mkono, tukakagua karatasi za wiki nzima. Saa kumi na moja na robo nikatoka getini kuvuta hewa, nikamkuta mlinzi wetu mzee na kikombe chake cha kahawa, amekaa raha mustarehe, mifuko miwili chini yake, na juu ametandika kipande cha boksi.

"Mzee, hiyo mifuko!"

Akainuka nusu, akaitazama, akakaa tena. "Kumbe na hii inahesabiwa?"