Wasabato na wafu: tofauti isiyozungumzwa

Mtu akifiwa, ujumbe wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huwa ule ule: "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi, amina." Unaofuata nao ni hivyo hivyo. Kisha anaingia shangazi Msabato: "Poleni sana wanangu. Tutaonana naye asubuhi ya ufufuo." Hajasahau kuitaja pepo. Kwa imani yake marehemu hayuko peponi, hayuko motoni wala toharani. Amelala kaburini, hajui lolote, mpaka Yesu atakaporudi kumwamsha.

Ukiuliza Wasabato wanatofautiana vipi na Wakristo wengine, utatajiwa Jumamosi, kitimoto, na kambale ambaye hawamli kwa kuwa hana magamba. Ni kweli, ila hizo ndizo tofauti za juu juu. Hata Sabato haikuanza kwao. Wabaptisti wa Siku ya Saba walikuwa wakiishika Uingereza tangu karne ya 17, na ni kutoka kwao Waadventista wa kwanza Marekani, waliozaa kanisa la Wasabato, waliipata. Kuhusu Utatu, kufufuka kwa Kristo na wokovu kwa neema, imani zao rasmi 28 ziko karibu na za Waprotestanti wengine kuliko wengi wanavyodhani. Suala la wafu ndilo linaloingia nyumba ya kila mtu, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Wengi hulitupa kwa kusema ni maono ya Ellen White, mwanzilishi mwenza wa kanisa la Wasabato wanayemheshimu kama nabii. Historia haisemi hivyo. Aliyelieneza miongoni mwa waliomfuata William Miller, mhubiri Mmarekani aliyetangaza kwamba Yesu yu karibu kurudi, ni George Storrs, aliyewahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti, mwanzoni mwa miaka ya 1840, wakati Ellen alikuwa bado binti mdogo. Na karne tatu kabla ya hapo, Martin Luther alikuwa akikiita kifo usingizi, naye William Tyndale, aliyewapa Waingereza Agano Jipya kwa lugha yao, alimuuliza mpinzani wake Mkatoliki, Thomas More: kama roho za watakatifu zimeshafika mbinguni, ufufuo ni wa nini? John Calvin, kiongozi mwingine wa Matengenezo ya Kiprotestanti, alikuwa upande wa pili, na moja ya maandishi yake ya kwanza ya kidini alilitumia kupinga usingizi wa roho. Huu ni ubishi wa Waprotestanti wenyewe, na Wasabato walirithi upande ulioshindwa.

Swali la Tyndale bado halijapata jibu jepesi. Yesu alisema Lazaro amelala. Alipomfufua baada ya siku nne, hatusomi neno lolote kuhusu alikotoka. Paulo, akiwafariji Wathesalonike waliofiwa, hakuwaambia kwamba wapendwa wao wako juu wanawatazama. Aliwaambia kwamba watafufuka.

Sasa lichukue fundisho hilo ulipeleke kijijini. Mtoto anaugua homa isiyoisha, na mzee mmoja anasema babu amekasirika, anadai mbuzi. Mlutheri na Mpentekoste watakataa tambiko, lakini wote wawili wamekwisha kukubali kwamba babu yu hai mahali fulani, ana akili zake na anatukumbuka. Kukataa kwao kunategemea amri: Mungu amekataza. Msabato ana zaidi ya amri. Anaweza kusema babu hajakasirika, kwa sababu babu hajui hata kwamba mtoto anaumwa. Atakayejibu kwa jina lake ni pepo mdanganyifu. Nadhani ukombozi huu wa kutowaogopa wafu haujapewa heshima unayostahili. Hadi leo kuna wanaokesha kanisani Ijumaa na Jumatatu wakapeleka kuku kaburini, na mahubiri ya "ameondoka lakini yupo nasi" hayawasaidii.

Pia kuna moto. Kwa Wasabato, waovu watateketea na kuisha, kwa kuwa mshahara wa dhambi ni mauti. Hawataishi milele ndani ya mateso. Hapa hawako peke yao tena. Mwaka 1988 John Stott, Mwanglikana aliyeheshimiwa na wainjilisti duniani kote, aliandika kwamba anaelekea kuukubali mtazamo huo, ingawa alisita kuutangaza kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mama aliyezika kijana mlevi asiyetubu anaelewa haraka kwa nini jambo hili ni zito.

Upande wa pili una hoja, tena nzito. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akakae na Kristo, na ni vigumu kusoma hapo kwamba alikuwa akitamani kulala asijue kitu kwa maelfu ya miaka. Wasabato hujibu kwamba kwa aliyelala muda haupo: anafumba macho, anafumbua, Kristo huyu hapa. Jibu linaingia akilini, ila haliondoi uzito wa andiko. Mwizi msalabani aliahidiwa pepo "leo hivi", na maelezo ya Wasabato kuhusu mstari huo ni dhaifu kuliko yote waliyo nayo. Vilevile adhabu ya milele katika Mathayo 25 imewekwa sambamba na uzima wa milele, na kanisa kwa sehemu kubwa ya historia yake limezisoma mbili hizo kwa kipimo kimoja. Nikipima yote, kuhusu moto naona Wasabato wana hoja bora. Kuhusu usingizi, wana hoja bora kuliko wanayohesabiwa, lakini Wafilipi bado inawadai.

Lawama yangu kwao iko kwenye namna ya kufundisha. Mazishi hugeuzwa efoti, yaani mkutano wa injili wa kuvuta waongofu. Mjane amekaa chini ya turubai, kanga imefunika kichwa, na mhubiri anafungua Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lo lote", anaanza kuwajibu Wakatoliki na Walutheri waliokuja kumfariji mama huyo huyo. Wageni wanaondoka wamekasirika, na fundisho lenyewe hawajalisikia. Wathesalonike wa kwanza, sura ya 4, linasema jambo lile lile na liliandikiwa waliofiwa, linatosha kaburini. Ubishi wa Mhubiri uachiwe Shule ya Sabato, darasa lao la Biblia la kila Jumamosi, ambako mwenye swali ananyosha mkono na kujibiwa.