Batani zisizo na jina: tovuti zetu na watu wenye ulemavu, nani abebe gharama?

Juzi nilikuwa Sinza kwa rafiki yangu mmoja, haoni kabisa, tumekaa barazani anakata tiketi ya basi la Moshi kwenye simu. Ana Android ya kawaida tu, TalkBack, ile programu ya kusoma skrini kwa sauti, imewashwa, anatelezesha kidole na simu inamsomea kwa spidi ambayo mimi hata nusu sishiki. Akachagua safari, tarehe akaipata kwa tabu, akafika kwenye siti. Mimi ninayeona naona basi limechorwa, viboksi vya kijani viko wazi, vyekundu vimeshachukuliwa. Yeye anasikia "kitufe, kitufe, kitufe", basi zima, hamna namba ya siti wala kujua ipi ipo wazi, na huku juu dakika zinahesabu kurudi nyuma. Muda ukaisha, ikamrudisha mwanzo kabisa. Akanipa simu, "bro nichagulie ya dirishani". Sasa kutengeneza tovuti ndo kazi yangu inayonilisha, na ile ramani ya siti ningepewa mimi ningeitengeneza vilevile, hapo ndo paliponiuma.

Tangu siku hiyo nabishana na madivelopa wenzangu, na niseme ukweli hoja zao si za kupuuza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anauza vitenge, ana laki nne mkononi, anataka tovuti Ijumaa. Ukianza kumweleza WCAG, ule mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, una vipengele kibao na ngazi tatu za A, AA na AAA, atakusikiliza kwa heshima afu atatafuta dogo wa laki tatu. Na hata ukiifanya vizuri ukamkabidhi, wiki ya pili kijana wa ofisini anapandisha tangazo lililoandikwa kila kitu ndani ya picha, bei ndani ya picha, namba ya simu ndani ya picha, na kisoma skrini kikifika hapo kinasema "picha" kinaendelea mbele. Kwa hiyo wenzangu wanauliza, tunamtoza nani hiyo kazi ya kila siku?

Upande wa pili unaanzia kwenye haki, na haki yenyewe imeshaandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinataja intaneti kwa jina, mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yani mmoja kati ya sita. Na tukisema ulemavu wengi wanawaza asiyeona peke yake, wakati kuna mwenye ualbino ambaye maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanampotea kabisa, kuna kiziwi anayetazama video ya maelekezo isiyo na maandishi, kuna mtu ambaye mikono inatetemeka na batani zenyewe zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Mimi nadhani tunakosana kwa sababu tunaiita "gharama" kana kwamba ni kitu kimoja. WebAIM, taasisi ya Marekani inayofuatilia mambo haya, kila mwaka wanapima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na 2025 karibu 95 kwa kila 100 zilikutwa na makosa ya kukiuka WCAG. Sasa angalia makosa yanayoongoza: maandishi yasiyotofautiana na rangi ya nyuma yake, picha bila maelezo, fomu bila lebo, linki tupu, batani tupu, na lugha ya ukurasa haijatajwa. Hakuna hata moja hapo la kumshinda divelopa wa laki nne!

Chukua hilo la lugha tu. Sisi wengi tunanunua templeti za nje, juu kabisa kwenye HTML, yani maandishi ya ndani yanayojenga ukurasa, imeandikwa lang="en", maana yake lugha ni Kiingereza, tunajaza Kiswahili chetu tunaondoka. Mtu akifungua kwenye kompyuta na NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo ni ya bure kabisa na ilianzishwa 2006 na Waaustralia wawili wasioona, ile programu inafuata alama, inasoma "jaza jina lako" kwa matamshi ya Kiingereza mpaka huelewi ni lugha gani. Sauti ya Kiswahili ipo humohumo ndani. Ni kufuta en uandike sw, herufi mbili, basi.

Ila kuna vitu ni ghali kweli na tusidanganyane. Kuandika maneno ya video ya nusu saa kwa mkono ni kazi ya masaa. Mkalimani wa lugha ya alama analipwa, na anastahili. Mafaili ya PDF yaliyoskaniwa miaka kumi yote yarudiwe kuchapwa, hiyo ni bajeti ya ofisi nzima. Na kuna wanaouza njia ya mkato, kakodi kamoja ka programu unabandika eti tovuti inafaa watu wote, usinunue. Mwaka 2025 kampuni ya accessiBe iliamriwa na FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, kulipa dola milioni moja kwa madai ya aina hiyohiyo.

Na kushtakiana je? Marekani Guillermo Robles, asiyeona, aliishtaki Domino's kwa kushindwa kuagiza piza mtandaoni, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya kule ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Iliamsha makampuni makubwa, lakini kesi zimekuwa maelfu na maduka madogo nayo yanaburuzwa. Hapa kwetu sitaki muuza vitenge aburuzwe, mteja wake akishindwa atapiga simu au atapita dukani. Nataka ibanwe sehemu ambayo mtu hana pa kukimbilia, huduma za serikali, benki, maombi ya chuo, tiketi za safari, hao waandikiwe sharti hilo kwenye mkataba, kwamba tovuti itumike na watu wenye ulemavu, kabla hata divelopa hajalipwa, na kabla ya kukabidhi akae mtu asiyeona aijaribu, alipwe kwa siku yake.

Nimesema hivyo kwa sababu ile ramani ya siti nimeirudia mwenyewe jioni moja, kama jaribio. Kila batani nikaipa jina, "siti 14, dirishani, ipo wazi", na muda ukikaribia kuisha inakuuliza kama unataka kuongezewa. Nikarudi nayo Sinza. Akaipitia, akachagua yake bila kunipa simu, afu akaniuliza mlango wa basi uko upande gani. Kwenye mchoro unaonekana wazi kabisa, kwenye majina yangu sikuwa nimeuandika.