Puti ya gari haina kazi ndani ya boti

Boti yangu niliinunua kwa macho. Ni ya faiba, futi 21, mitumba, na ndani ilikuwa nyeupe pe, laini kama bakuli. Ukipitisha kiganja kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, hukwaruzwi na kitu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi, hulala kwenye kalibu, lile umbo la kufyatulia boti, kwa hiyo nje ndiko kunakotoka kuking'aa. Ndani hubaki na alama za mkeka wa nyuzi hizo, vinundu, na manyoya ya nyuzi yanayochoma vidole. Ukikuta ndani ni laini, mara nyingi kuna mtu amejaza kitu.

Kitu chenyewe nilikijua kaskazi ilipoanza kuvuma. Rangi ilitoa malengelenge karibu na ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya, kisha ikabanduka vipande vya ukubwa wa sahani. Nilipotia patasi nikakuta unga wa waridi, umelowa kama chaki iliyosahaulika mvuani. Puti ya gari, ile ya kopo unayochanganya na dawa nyekundu ya tyubu ili igande.

Sina ugomvi na puti kwenye mlango wa gari. Inaganda kwa dakika chache, inakubali msasa, na bei yake mtu anaimudu. Lakini ni resini ya poliesta, gundi ya kiwandani inayoganda, iliyoshindiliwa unga wa talki, na ukishaipiga msasa inabaki na vitundu vidogo vinavyokunywa maji. Gari likinyeshewa, jua linalikausha. Ngama haikauki. Maji ya chumvi, damu ya samaki na petroli inayodondoka vinalala palepale usiku na mchana, na rangi ikipata mkwaruzo mmoja tu wa nanga, basi. Ndiyo maana nashangaa mafundi wanaoweka vifaa vya bei nje, halafu ndani wanamalizia na makombo ya kopo eti hakuonekani.

Kinachoshauriwa ni epoksi, resini ya aina nyingine inayochanganywa na dawa yake, iliyotiwa vipovu vidogo vya kioo, vyepesi kama majivu. Ni kitu kizuri. Huku niliko hakipatikani dukani, na nikiagiza nauli inaniumiza kuliko bei. Basi nikaanza kujaribu vya kwetu: nikapaka vipande vya faiba kuukuu michanganyiko tofauti, nikavifunga kamba chini ya gati miezi minne. Puti ya gari ililainika pembeni. Epoksi na saruji ilikuwa ngumu ajabu, ila nzito, na inakula msasa kama mchwa. Epoksi na unga wa ngano (ubishi wa kijana wangu, mimi simo) iliota ukungu pale tulipoisugua. Epoksi na talki ilikaa vizuri. Epoksi na vumbi la mbao, lile la kwenye msumeno wa seremala, lililochekechwa kwa mtandio mkuukuu, ilikaa vizuri zaidi kwenye kona na mashimo makubwa.

Kwa hiyo sasa natumia vumbi kwenye kona na kwenye mashimo, talki kwa kupitisha juu nyembamba. Vumbi liwe kavu kabisa. La mvule huwasha pua na ngozi, hivyo funga uso kwa barakoa ya maana, si leso. Kwanza pakaza epoksi tupu ili uso ulowe, ndipo ufuatishe uji mzito usiodondoka kwenye mwiko.

Halafu kuna kosa ambalo wazoefu wa poliesta hulifanya sana. Kwenye poliesta, ukiongeza dawa kidogo inaganda haraka zaidi. Epoksi haina mchezo huo. Kopo likisema mbili kwa moja ni mbili kwa moja. Ukizidisha dawa, kazi yako itabaki inanata. Na kwa joto letu usichanganye nyingi kwenye kopo refu. La kwangu la kwanza lilifuka moshi mkononi. Mimina kwenye sinia pana, fanya kidogokidogo. Ikishaganda, ioshe kwa maji na dodoki kabla ya msasa, maana mara nyingi huacha utando kama wa mafuta unaokataa rangi.

Hayo yote ni ya faiba. Mwenye mashua ya mbao asinisikilize hata kidogo. Nilipomwonyesha mzee mmoja mtengeneza majahazi vipande vyangu, alivigeuzageuza, akanirudishia. "Mwanangu, mbao zinatembea." Ana haki. Ubao wa mashua hufura ukiwa majini na kunywea ukipandishwa pwani. Kalafati ya pamba na mafuta, ile inayoziba maungio ya mbao, hufuatana nao, inabanwa, inaachia. Ukijaza kitu kigumu kwenye maungio, ubao ukifura utasukumana nacho hadi misumari ilegee. Na ukiufunika ubao wote kwa ndani ili upendeze, maji ya mvua yatapata pa kujificha nyuma ya mataruma, zile mbavu za mashua. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya bahari. Nimeona mashua yenye ndani ya kupiga picha, na kisu kinaingia kwenye ubao kama kwenye papai. Wazee walipaka sifa, mafuta ya samaki, ndani, inanuka, lakini ubao ulikuwa unaonekana wote na ukianza kuoza unauona.

Yangu niliikwangua yote kwa kijembe na msasa, siku tisa, tukisubiri bamvua, maji makubwa, irudi tuishushe. Ngamani sikujaza chochote. Nimepaka epoksi tupu mara tatu, mkeka unaonekana. Kwingine kuna mabaka ya rangi ya kahawa mahali pa vumbi la mbao, kwa sababu hela ya rangi ilikwisha. Juzi alikuja mtu kuitazama akitaka kuinunua. Akachungulia ndani, akakunja uso, akauliza mbona haijamaliziwa. Nikamtajia bei ileile.